Oksijeni ya Samaki na Oksijeni ya Maji: Kufundisha Elementi, Kampaundi na Mchanganyiko

Walimu wengi hulianza somo hili kwa kuandika fasili tatu ubaoni, nao wanafunzi huzikariri na kuzirudisha katika mtihani neno kwa neno. Hata hivyo, mwalimu akiinua gilasi ya maji ya Ziwa Viktoria na kuuliza ni kitu cha namna gani, darasa litajibu kwa pamoja, "Kampaundi." Kumbe maji hayo yana udongo, chumvichumvi, vijimea na hewa, ni mchanganyiko, ambamo maji yenyewe ndiyo kampaundi.

Sehemu ya ugumu imo katika lugha. Kila siku twasema "kuchanganya" kwa sukari itiwayo katika chai na pia kwa saruji itiwayo maji, ingawa saruji ikishagandamana hairudi tena kuwa unga.

Kwa shule za Mwanza na za mwambao wote wa ziwa, twapendekeza mwalimu aanze na swali moja: Kwa nini sangara hufa kwa kukosa oksijeni, na hali maji aliyomo yameundwa kwa oksijeni? Wanafunzi wengi wamepata kuona samaki wakielea wamekufa. Sababu mojawapo ya vifo vya namna hiyo ni kwamba maji ya kilindini, yaliyopungukiwa oksijeni, huweza kupanda juu.

Darasa na lifanye hesabu. Katika kila gramu 18 za maji, gramu 16 ni oksijeni na 2 ni hidrojeni; basi lita moja ya maji ina gramu zipatazo 889 za oksijeni. Lakini hiyo imeungana na hidrojeni, na matamvua ya samaki hayawezi kuitenganisha. Samaki hutumia oksijeni ya hewa iliyoyeyuka tu. Katika ziwa letu, lililo mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 yaliyopata hewa ya kutosha hushika takribani miligramu 7 tu kwa lita. Kamongo ana mapafu, naye hupanda juu kuvuta hewa.

Baada ya hesabu yafuate majaribio mawili. Kwanza, maji ya ziwa yapashwe moto polepole. Kabla hayajachemka, viputo vidogo hushikamana na kuta za chombo: hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka, nayo imetoka kwa joto dogo tu. Viputo vikubwa vya baadaye ni mvuke, ambao ni maji yale yale. Pili, magadi soda kidogo yatiwe katika maji safi, kisha umeme wa betri nne za tochi upitishwe kwa vijiti viwili vya kaboni. Hidrojeni itatoka upande wa hasi, na oksijeni upande wa chanya. Jaribio hili lifanywe mahali penye hewa, mbali na moto. Hapa mwanafunzi huona kwamba kampaundi haikuachana kwa moto wa jiko, bali kwa umeme.

Gesi hizo mbili hazivunjiki zaidi kwa njia za kikemia; ni elementi, kama ilivyo dhahabu ya Geita. Mwalimu aweza kutaja jinsi wachimbaji wadogo wanavyonasa dhahabu kwa zebaki, kisha kuichoma zebaki hiyo, lakini asithubutu kulionyesha jambo hilo darasani: mvuke wa zebaki ni sumu.

Mwisho litolewe zoezi: Kwa nini haifai kuweka vifaranga vya sato katika maji yaliyochemshwa na kupozwa ndani ya chupa iliyozibwa? Anayejibu kwamba maji "yameharibika" aombwe kutaja kilichotoka. Anayejibu kwamba oksijeni imetoka aulizwe ni ipi.