Kufundisha Kukadiria kwa Sampuli: Mfano wa Majitaka ya Mji

Mara nyingi kukadiria hufundishwa kama kubahatisha: mtoto hutazama debe la maharage, hutaja idadi, na darasa hucheka. Sisi twaona kuwa kukadiria ni hesabu yenye masharti. Kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi twapendekeza somo lililotokana na kazi ya wataalamu wa majitaka.

Mwaka 2001 mwanakemia Mmarekani Christian Daughton alitoa wazo kwamba majitaka ya mji yaweza kuonyesha kiasi cha dawa za kulevya kinachotumiwa na wakazi wake. Mwaka 2005 Ettore Zuccato na wenzake wa Taasisi ya Mario Negri, Milan, walitangaza matokeo ya kulijaribu wazo hilo katika mto Po nchini Italia, unaopokea majitaka ya watu wapatao milioni 5. Pamoja na kokeini yenyewe walipima benzoilekgonini, kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na kokeini na kuitoa kwa mkojo. Sababu yake mtoto aweza kuielewa: kokeini iliyomwagwa chooni na mwuzaji anayewakimbia polisi itaonekana majini, ingawa haikupita mwilini mwa mtu. Walikadiria kwamba mto ulibeba mabaki yanayolingana na kilo 4 hivi za kokeini kwa siku, kiasi kilichozidi sana matarajio yaliyotokana na takwimu za serikali. Mtu akiulizwa huweza kuficha. Mkojo wake haufichi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kiasi kilichomo katika lita moja huzidishwa kwa lita zinazopita kwa siku. Jumla hurekebishwa, kwa kuwa ni sehemu tu ya dawa inayotoka mwilini kwa umbo hilo. Kisha hugawanywa kwa idadi ya wakazi. Sampuli huchukuliwa kidogo kidogo kwa saa 24, maana maji ya usiku wa manane si sawa na ya asubuhi.

Darasani tusitumie majitaka kamwe. Chumvi yatosha. Weka ndoo yenye lita 5 za maji ya mvua nyuma ya pazia (maji ya kisima huweza kuwa na chumvi yake). Kila mwanafunzi apite peke yake, atie kijiko kimoja cha gramu 5, au viwili, au asitie kabisa. Koroga hadi chumvi iyeyuke yote, chota nusu lita, uichemshe hadi ikauke. Mwishoni punguza moto, la sivyo chumvi itaruka nje ya sufuria na hesabu itaharibika. Ikiwa mizani yaonyesha gramu 6, ndoo nzima ilikuwa na gramu 60, yaani vijiko 12.

Sasa uliza: ni wanafunzi wangapi waliotia chumvi? Wengi watajibu 12. Usiwasahihishe upesi, waache wabishane. Huenda ni 12, huenda ni 6 waliotia viwili viwili. Ndoo yataja vijiko, haitaji watu. Hapa ndipo kiini cha somo kilipo, nasi twashauri nusu ya kipindi itumike hapa.

Wataalamu nao hukutana na mpaka huohuo. Mwaka 2011 miji 19 ya Ulaya ilipimwa kwa juma moja, ikaonekana kwamba mabaki ya kokeini yaliongezeka mwisho wa juma. Jambo hilo lilijulikana bila kumjua mtumiaji hata mmoja. Kwa heroini kazi ni ngumu zaidi, kwani mofini iliyomo majini huenda imetokana na dawa halali za hospitali.

Mwalimu na awe macho. Darasani huenda yumo mtoto ambaye ndugu yake ametumbukia katika dawa hizi. Bomba linalokusanya maji ya mamia ya maelfu ya watu halimnyoshei mtu kidole. Bomba la jengo moja laweza kufanya hivyo. Kwa hiyo mifano ya mtaa wa shule isitumike, na mwanafunzi asiulizwe alitia vijiko vingapi, hata baada ya jibu kupatikana. Atakayejitangaza mwenyewe azuiwe kwa upole.

Kwa jaribio la kufunga kipindi, rudia kazi bila kukoroga, ukachote maji ya juu tu, kisha wanafunzi waandike kwa nini jibu limepungua.