Somo la Karakana: Hewa Baridi na Safi kwa Gari Lililobadilishwa Injini



Katika mashamba ya chai na ya miwa bado yako magari ya zamani ambayo bodi na chesisi ni nzima lakini injini ya kwanza ilikwisha kufa. Mwenye shamba hanunui gari jipya. Hununua injini iliyotumika, na fundi wa karakana huambiwa aifunge. Somo hili linahusu sehemu moja ya kazi hiyo ambayo mara nyingi huachwa mpaka jioni ya siku ya mwisho, watu wakiwa wamekwisha kusimama wanalingojea gari: njia ya kuipatia injini hewa. Injini ikifa baada ya miezi michache, wa kwanza kuulizwa ni dereva na wa pili ni fundi. Kwa hiyo inafaa wote wawili walifahamu jambo hili.

Tuchukue mfano wa pikapu ya Toyota Land Cruiser aina ya HJ47, ya miaka ya mwanzo ya 1980, iliyokuja na injini ya dizeli ya 2H. Fundi ameitoa 2H na kufunga 1HZ, yaani injini ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita 4,164, ambayo ilianza kutumika katika magari mwaka 1990. Injini hii haina tabo. Hewa yake yote huivuta kwa pistoni zake yenyewe.

Huvuta hewa kiasi gani? Kila silinda hujaa hewa mara moja katika mizunguko miwili. Injini ikizunguka mara 3,800 kwa dakika, silinda zote pamoja huvuta lita 4.164 mara 1,900, yaani karibu lita 7,900 kila dakika. Kwa kweli hupungua kidogo, kwa sababu silinda haijai kabisa, lakini hesabu hii yatosha. Ni kama kunywa mapipa 39 ya lita 200 kwa dakika moja. Fikiri sasa vumbi lililomo katika mapipa hayo wakati gari linafuata trekta katika njia ya shamba mwezi wa kiangazi.

Kwanza tuseme juu ya ubaridi. Hewa ikipashwa moto hutanuka, na katika silinda ile ile huingia hewa chache zaidi. Chini ya boneti, karibu na ekzosi, joto hufika digrii 70 kwa urahisi, wakati nje ni 30. Ukiongeza 273 kwa kila namba ili kupata kipimo cha joto halisi, utapata 343 na 303. Gawanya 303 kwa 343: injini inayovuta hewa ya chini ya boneti hupata sehemu 88 tu katika 100 za ile ambayo ingepata kutoka nje. Na milimani hali ni ngumu zaidi. Mahali penye kimo cha mita 1,500, kama Fort Portal katika nchi ya chai ya Uganda, kanieneo ya hewa ni kiasi cha asilimia 84 ya ile ya pwani. Ukijumlisha hasara hizo mbili, injini imebaki na robo tatu ya hewa yake.

Pampu ya dizeli, hata hivyo, haijui kwamba hewa imepungua. Dereva akikanyaga, mafuta huja yale yale, na yasiyopata hewa ya kuungua hutoka kuwa moshi mweusi. Moshi huo ni fedha ya mwajiri inayopotea, lakini pia huingia mapafuni mwa wachumaji waliopanda nyuma. Yafaa nionye hapa kwamba hewa baridi haigeuzi injini kuwa nyingine. Anayekuahidi nguvu nyingi mpya kwa kubadili bomba tu anauza maneno. Faida utakayoiona ni moshi kupungua, ekzosi kutokuwa na moto mno, na gari kupanda kilima likiwa na mzigo wake bila kusononeka.

Kwa sababu hiyo usikubali ile filta ya koni iliyo wazi, inayofungwa juu ya injini moja kwa moja. Huvuta hewa ya moto, na vumbi la chini ya boneti liko tele. Tumia nyumba ya filta iliyokuja na injini yenyewe, yenye mfuniko unaoziba, na uiweke upande wa pili mbali na ekzosi. Ikiwa nafasi hairuhusu, weka kipande cha bati katikati kikiacha uwazi wa vidole viwili kila upande. Usitumie kitambaa cha zamani cha asbesto kilichobaki stoo, hata ukiambiwa ndicho kizuri kuliko vyote kwa kuzuia moto. Nyuzi zake huua mapafu baada ya miaka mingi.

Mdomo wa bomba uchukue hewa juu, usawa wa paa, pembeni mwa kioo. Nyuma ya gurudumu la mbele ni mahali pabaya kabisa. Mbele ya rejeta pana baridi, ni kweli, lakini gari likiingia mtoni maji huingia humo kwanza. Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, mkono wa pistoni hupinda. Juu ya mdomo weka kofia yenye bakuli la kuzungusha vumbi ukiipata. Chini kabisa ya bomba, kabla ya filta, toboa tundu dogo la kutolea maji ya mvua. Baada ya filta usitoboe chochote.

Upana wa bomba usipungue milimita 75 kwa ndani. Kwa upana huo hewa hukimbia karibu mita 30 kwa sekunde. Ukitumia bomba la milimita 50 kwa sababu ndilo lililokuwapo, mwendo hufika mita 67, na upinzani huwa mara tano. Bomba la chuma la ekzosi linafaa. Ukichomelea bomba la maji lililopakwa zinki, ondoa zinki kwanza kwa tupa na ufanye kazi nje penye upepo, kwani moshi wake huleta homa usiku. Kisha safisha ndani mpaka punje zote za welding zitoke, maana injini itazimeza.

Sasa twende penye kuua injini, nako ni baina ya filta na silinda. Tundu dogo hapo ni baya kuliko filta chafu. Filta chafu huleta moshi, nawe utauona, lakini tundu huingiza vumbi kimya kimya na kula ringi na silinda. Injini hutikisika juu ya raba zake na nyumba ya filta imefungwa katika bodi, kwa hiyo lazima pawe na mpira mnene katikati, usiobonyea, wenye klipu za chuma pande zote mbili. Waya wa kufungia si klipu. Angalia pia mpira wa kupumulia wa injini, ule unaotoka juu ya mfuniko wa valvu. Katika kuhamisha injini husahaulika mara nyingi, na pale ulipokuwa umechomekwa hubaki tundu wazi.

Kwa kujaribu kazi yako, washa injini ikae sailensa, kisha ziba mdomo wa bomba kwa ubao bapa, si kwa mkono wala kitambaa. Injini yapasa kuzimika baada ya muda mfupi. Ikiendelea kuunguruma, inavuta hewa mahali pengine. Mpira ukibonyea, umejua kwamba haufai. Gari likisha kutembea wiki moja, fungua mpira baada ya filta na upanguse ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka chekundu kwa vumbi, gari lisiondoke mpaka pavujapo pameonekana.

Mambo hayo yote yaandikwe katika daftari la gari: tarehe, kilomita, filta imesafishwa au imebadilishwa, na nani. Ikiwa filta mpya iliombwa stoo ikakosekana, liandikwe hilo nalo, na dereva atie sahihi yake.

Maswali kwa kikundi cha masomo:

Pima upana wa bomba la hewa la gari moja la shamba lenu. Je, ni sawa tangu mdomoni hadi kwenye injini, au limebanwa mahali?

Piga hesabu ya lita za hewa kwa dakika kwa injini ya lita 2.5 ikizunguka mara 4,000.

Katika daftari la gari hilo, filta ilibadilishwa mara ya mwisho lini, na nani aliidhinisha?