Kuutuliza Moyo Wakati wa Maradhi ya Kuenea: Maneno kwa Kaya za Sanya Juu

Tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alilitangazia taifa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini, naye ni msafiri aliyetoka Ubelgiji na kushukia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Na kwa kuwa uwanja huo umo katika wilaya ya Hai, tunayopakana nayo, habari hiyo haikutufikia Sanya Juu kama jambo la ng'ambo, bali kama mgeni aliyekwisha piga hodi. Kesho yake zikatangazwa amri za kufunga shule. Mwezi uliofuata ndege za abiria kutoka nje zikazuiwa, na vijana wetu ambao riziki yao ni kuwachukulia mizigo wapanda mlima wa lango la Londorosi wakarejea migombani mikono mitupu, wasijue lini watapanda tena. Zipo kaya ambazo maradhi yenyewe hayakuzigusa, ilhali wahka uliingia ndani, ukaketi, na hata leo haujaondoka wote.

Wahka si aibu, wala si dalili ya upungufu wa imani, kama wasemavyo baadhi ya watu kwa nia njema lakini kwa madhara makubwa. Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wa binadamu na mlinzi ndani yake: mtu anapoiona hatari, damu hupokea homoni iitwayo adrenalini, moyo ukaenda mbio, pumzi zikawa fupi, viganja vikatoka jasho, na tumbo likavurugika, yote hayo ili apate nguvu ya kukimbia au kupigana. Mlinzi huyo atufaa sana tukikutana na nyoka katika shamba la kahawa. Lakini hatari isiyoonekana kwa macho, isiyokimbika wala kupigwa kwa fimbo, humfanya akeshe usiku na mchana bila zamu ya kupumzika, na hapo ndipo usingizi hutoweka, chakula hukosa ladha, na mtu mpole huwa mkali kwa watoto wake.

Jambo moja liliwatesa wengi, nalo lastahili kuelezwa kwa utulivu. Wahka ukizidi hubana kifua na kukatisha pumzi, na korona nayo yaweza kubana kifua na kukatisha pumzi. Basi mtu akihisi kifua kizito hudhani ameambukizwa, hofu ikaongezeka, na kifua kikabana zaidi. Mara hiyo keti kitako, weka kiganja juu ya tumbo, vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu hadi nne, kisha uitoe polepole ukihesabu hadi sita, na urudie hivyo kwa muda wa dakika tano au zaidi. Aghalabu dhoruba ya hofu hutulia kwa njia hii. Lakini pumzi isiporejea, au ikiandamana na homa, kikohozi au maumivu ya kifua, usijitibu kwa kudhani: nenda kwa tabibu siku hiyo hiyo.

Sisi wa upande huu wa mlima tuna funzo ambalo wengine hawakulipata. Tangu mwaka 1926 tumekaa jirani na Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu katika zama ambazo dawa yake ilikuwa haijagunduliwa, na tiba yenyewe ilikuwa mapumziko marefu, chakula bora na hewa safi ya mlimani. Na ni hapo hapo, mwaka 2009, ilipoanza nchini tiba ya kifua kikuu sugu. Maradhi ya kuambukiza yamekuwa jirani yetu kwa karibu miaka mia, na jirani huyo tumemzoea kwa kujua njia zake: hupita kwa hewa, basi dirisha likafunguliwa, mkohozi akafunika mdomo, mgonjwa akanywa dawa zake hadi mwisho. Kujua njia ya adui ni nusu ya utulivu, na sioni sababu ya maradhi mapya kutupokonya hekima hiyo tuliyokwisha ipata kwa maradhi ya zamani.

Habari nazo zataka kiasi. Simu ya mkononi inayolia usiku kucha kwa uzushi wa vifo na dawa za miujiza haimlindi mwenye nyumba hata kidogo. Atazame habari mara moja asubuhi na mara moja jioni, kutoka Wizara ya Afya au kwa mhudumu wa afya wa kijiji, kisha aiweke kando na kushika jembe. Wala pombe, ikiwa ni mbege au kali zaidi, haiondoi wahka, bali huuahirisha hadi alfajiri na kuurudisha na riba.

Watoto waliokaa nyumbani hadi shule zote zilipofunguliwa tarehe 29 Juni 2020 walisikia mazungumzo ya wakubwa na kuyajaza kwa mawazo yao. Enyi wazazi, mtoto aambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wake, aachwe aulize, na saa zake za kuamka, za kazi na za kulala zisivurugwe, kwa maana utaratibu wa siku ni nguzo ambayo moyo wa mtoto huegemea, na wa mtu mzima vilevile. Na tulipozuiwa kukusanyika misibani, jambo zito mno kwetu ambao wafu wetu huzikwa katika kihamba cha baba zao, waliofiwa walibaki na jitimai isiyoliliwa. Kama yupo jirani aliyezika bila watu, hujachelewa kumwendea.

Hofu au huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, ikamzuia mtu kula, kulala au kufanya kazi, hayo ni maradhi yenye tiba, naye aende zahanati au hospitali ya wilaya, kisha apelekwe Mawenzi au KCMC mjini Moshi ikilazimu. Akisema kwamba bora afe, msimkemee wala msimwache peke yake hata usiku mmoja. Dawa za kunyunyizia kahawa na mboga zitolewe nyumbani zikafungiwe pengine, kisha apelekwe kwa tabibu bila kungoja kupambazuke. Asiyejua pa kuanzia apige simu 199 ya Wizara ya Afya, ambayo haitozwi malipo.