Ulimbo wa Wadudu: Tuliyojifunza Katika Shamba la Mikorosho

Ndugu msomaji, bila shaka nawe umepata kunasa ndege kwa ulimbo. Ulimbo nitakaoueleza hapa ni wa wadudu, nao hautegwi kwa ajili ya kitoweo bali kwa ajili ya kupata habari. Tofauti hiyo niliielewa kwa aibu, kama utakavyosoma.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, mikorosho ya huku kwetu Mtwara ilipokuwa ikitoa machipukizi mapya, mwalimu wa kilimo alikiagiza chama chetu kichunguze wadudu wa shamba la shule. Kazi tuliifanya hivi. Tulikata vipande 12 vya bati kuukuu, kila kimoja urefu wa sentimeta 25 na upana wa sentimeta 15. Tukavipaka rangi ya manjano pande zote mbili, maana wadudu wengi wadogo warukao, kama vidukari na nzi weupe, huvutwa na rangi hiyo. Rangi ilipokauka tukapaka juu yake mafuta ya mgando. Kila kibati tukakipa namba, tukakitundika ukingoni mwa matawi, kimo cha bega, mahali ambapo majani hayawezi kukigusa yakaganda. Kila Ijumaa tulihesabu walionaswa, tukaandika daftarini, tukafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha tukapaka upya.

Ijumaa ya kwanza kibati namba 7 kilikuwa na wadudu zaidi ya 200. Nilishtuka sana. Jioni ile ile nilikwenda mbio kwa mjomba wangu, ambaye shamba lake limepakana na la shule, nikamwambia, "Mjomba, mikorosho imevamiwa!" Mjomba hakuuliza mengi, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba. Alitoa fedha alizoziweka kwa ajili ya kuezeka nyumba, akaazimu kununua dawa ya kupiga shamba zima.

Siku ya Jumatatu nilitoa habari darasani kwa majivuno. Mwalimu aliniuliza neno moja tu: "Wadudu gani?" Sikuwa na jibu. Tukachukua kioo cha kukuzia, tukaanza kuwatenga. Wengi walikuwa nzi wa kawaida wasio na hasara kwa mkorosho. Wengine walikuwa nyigu wadogo sana, wa jamii ile itagayo mayai ndani ya wadudu wengine na kuwaua. Walikuwapo pia wale wekundu wenye madoa meusi, walao vidukari. Yaani wengi niliowaita maadui hawakuwa na kosa, na wengine walikuwa askari wetu!

Ndipo mwalimu alipotufundisha kwamba mtego hauna maana mpaka ujue unamtegea nani. Alitupa mfano wa California, Marekani, ambako hulimwa jozi. Huko yuko nzi mmoja ambaye funza wake huharibu ganda la nje la jozi na kulifanya jeusi. Wakulima hutundika karatasi za manjano zenye gundi pamoja na chumvi itoayo harufu ya amonia, ambayo nzi huyo huipenda. Hutazama mitego mara mbili au tatu kwa wiki, na wakimpata jike huminya tumbo lake waone kama ana mayai. Kwa njia hiyo hujua siku ya kupiga dawa. Mtego ule wafaa kwa sababu tabia za nzi yule zimejulikana.

Sasa tumtazame adui wetu, mbu wa mikorosho. Huyu si mbu atuumaye sisi. Hufyonza utomvu wa machipukizi laini na kuacha madoa meusi marefu, na ncha ya chipukizi hukauka isitoe maua. Watoto wake, yaani tunutu, hufyonza kama wazazi wao, lakini hawana mbawa. Je, asiye na mbawa atarukaje mpaka kwenye kibati? Kwa hiyo kibati kinaweza kuwa kitupu na hali mti unaliwa. Dawa ya jambo hili ni kuhesabu machipukizi yenyewe.

Nilirudi kwa mjomba nikitetemeka. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba. Mbona umeinama?" Nikamweleza kosa langu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Fedha bado ninazo. Haya, twende tukahesabu."

Tulichagua miti 10 upande wa bondeni na 10 upande wa juu, na katika kila mti tukatazama machipukizi 10. Bondeni, katika machipukizi 100, yenye madoa yalikuwa 34. Juu yalikuwa 3 tu. Upande wa juu miti ilijaa viota vya maji moto, wale siafu wekundu washonao majani, ambao mjomba alitaka kuwachoma moto kwa jinsi wanavyomuuma wakati wa kupogoa. Kumbe ndio walinzi wake! Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1950 mtaalamu M. J. Way alichunguza minazi ya Unguja, akaona kwamba maji moto huikinga na mdudu afyonzaye nazi changa. Mdudu huyo, ambaye hushambulia korosho pia, alipewa jina la kitaalamu Pseudotheraptus wayi mwaka 1955, kwa heshima ya mtaalamu huyo.

Bwana shamba alipokuja alimshauri mjomba apige dawa upande wa bondeni tu, jioni nyuki wakiwa wamerudi mizingani, na viota vya maji moto asiviguse. Fedha iliyobaki ilinunua mabati, na leo nyumba imeezekwa nusu. Mjomba hutania kwamba nusu nyingine inangoja hesabu zangu.

Vibati vyetu bado vinaning'inia shambani, maana vinatuonyesha wadudu warukao wanavyoongezeka na kupungua wiki hata wiki. Lakini daftari letu sasa lina safu tatu: maadui, marafiki, na machipukizi yenye madoa. Wewe utakayetaka kujaribu kwenu, usiache hata moja. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Nami naongeza, hesabu bila kutambua si elimu.