Mji kasoro bahari: vidokezo 12 vya wikiendi ndefu Morogoro

Kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam, Morogoro ni mji wa kupita. Basi linasimama Msamvu, abiria wananunua machungwa dirishani, safari ya Dodoma, Iringa au Mbeya inaendelea, na milima ya Uluguru inaachwa nyuma bila mtu kuikanyaga. Wenyeji wanauita mji wao "mji kasoro bahari", yaani ukitoa bahari, mengine yote yapo. Wana haki ya kujivuna. Basi sikukuu ijayo ikiangukia Ijumaa au Jumatatu, waachie wengine foleni ya boti za Zanzibar, wewe geukia bara. Siku tatu zinatosha ukizipanga vizuri.

1. Anza na kalenda ya mvua

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba: kumekauka, kuna ubaridi, na mawingu hayajifungi muda mrefu vileleni. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za mlimani huteleza na barabara za udongo huwa za matope matupu. Kumbuka pia kwamba Uluguru ina sura mbili. Upande wa mashariki, kwenye vijiji kama Kinole na Matombo, ndio unaopokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo mvua huko inaweza kukukuta hata msimu wa kiangazi. Na ukichagua wiki ya Nane Nane, weka nafasi ya kulala mapema sana: maonyesho ya wakulima ya Kanda ya Mashariki hufanyika mjini hapa, katika Viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere, na nyumba za wageni hujaa.

2. Panda treni, kaa kushoto

Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na imebadilisha kabisa hesabu za safari hii. Barabara ni kama kilomita 190, lakini kwa foleni za Kibaha na malori ya Chalinze unaweza kumaliza saa nne au zaidi. Treni inakufikisha kwa chini ya saa mbili. Ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000. Kata tiketi mtandaoni siku kadhaa kabla, maana za wikiendi za sikukuu huisha haraka, beba kitambulisho, na fika stesheni mapema kwa ajili ya ukaguzi wa mizigo. Ukiweza kuchagua kiti, omba dirisha la upande wa kushoto wa mwendo wa treni: ukishapita Ngerengere, Uluguru inaanza kujitokeza upande huo. Stesheni ya Morogoro iko nje kidogo ya mji, hivyo tenga nauli ya bajaji au teksi.

3. Lala karibu na unachokwenda kufanya

Anayekuja kupanda mlima atafute malazi upande wa mji unaogusa mguu wa Uluguru, maeneo ya Boma na Rock Garden, ili saa 12 asubuhi awe tayari njiani. Anayetaka soko, muziki na chakula cha usiku akae katikati ya mji. Mwenye basi la alfajiri kuelekea Mikumi au Iringa atapata nafuu akilala karibu na Msamvu.

4. Chagua upande mmoja wa mlima

Hiki ndicho kidokezo cha kushika kuliko vyote. Ramani inadanganya: Mgeta, Kinole na Matombo vinaonekana vimesogeleana, lakini barabara zinazunguka mlima, zinapanda, zinashuka, na kila upande unadai siku yake. Anayepanga kuona vyote kwa siku mbili atakuwa ametalii kiti cha gari. Ukipenda msitu na mandhari ya mji ukiwa juu, baki upande wa mjini. Ukipenda mashamba na baridi, nenda Mgeta. Ukipenda ndizi, mananasi na mashamba ya viungo kama mdalasini, iliki na pilipili manga, nenda Kinole au Matombo. Vingine viwekee sikukuu nyingine.

5. Mara ya kwanza, panda Morningside

Morningside ni nyumba ya mawe waliyoijenga Wajerumani enzi za ukoloni wao, ikiwa kwenye bega la mlima juu ya mji. Kutoka mwisho wa lami ni mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu, ukipita kandokando ya mito na mashamba ya migomba, mboga na maua. Mji uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari na Morningside iko karibu mita 1,300, kwa hiyo hewa inabadilika unavyopanda. Jirani yake kuna maporomoko ya Choma, mahali pazuri pa kupumzika na kula ulichobeba.

Mwenye miguu imara aendelee hadi Bondwa, kilele chenye minara ya mawasiliano, kwenye mita 2,100 hivi. Lupanga, kinachoutazama mji moja kwa moja, kina urefu unaokaribiana na huo lakini njia yake ni kali zaidi, imejaa mizizi na utelezi, na inachukua siku nzima. Kimhandu, kirefu kuliko vyote kwa mita 2,600 na ushei, kiko kusini na kinataka maandalizi ya siku zaidi ya moja. Popote unapokwenda, anza asubuhi na mapema. Mchana mawingu hupenda kushuka, na unaweza kufika kileleni usione kitu.

6. Lipa kibali, chukua mwongozaji

Msitu ulio juu ya mashamba ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kuingia kuna kiingilio. Pita ofisini kwao mjini siku moja kabla, upewe namba ya malipo, ulipe, utembee na risiti. Mwongozaji mwenyeji si anasa. Njia za wakulima zinachipuka kila mahali, ukungu ukishuka hujui ipi inarudi mjini, na yapo maeneo ya matambiko ya Waluguru ambayo mgeni hapaswi kuingia hivihivi.

Mwongozaji mzuri atakufungulia macho pia. Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, na kwa kuwa misitu yake imekaa peke yake kwa muda mrefu mno, ina viumbe wasiopatikana pengine. Ndege wawili, tiva wa Uluguru na chozi wa Loveridge, hawaishi mahali pengine popote duniani.

7. Tenga siku nzima kwa ajili ya Mgeta

Unatoka kwa barabara ya Iringa, unakata kushoto Sangasanga, kisha unapanda. Huko juu unakuta bonde baada ya bonde la mboga: kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo, kwenye miteremko mikali kiasi kwamba unajiuliza mkulima anasimamaje. Kwa msimu wake kuna pichi na plamsi. Katika miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Sokoine kilipeleka huko mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei, na baridi ya Mgeta ikawakubali. Ukifika Nyandira siku ya mnada utaona zao la mlima mzima likishushwa kwa vichwa na kwa pikipiki. Ukiwa na muda, endelea hadi Bunduki kwenye maporomoko ya Hululu.

Beba sweta hata kama Morogoro mjini ulikuwa unatoka jasho. Msalimie kila unayepishana naye, wazee uwaamkie shikamoo, na usimpige mtu picha shambani kwake kabla hujamwomba. Na ujue ardhi unayoikanyaga: kwa desturi ya Waluguru, ukoo hufuatwa kwa mama na ardhi hurithiwa kwa njia hiyo. Mwaka 1955, wakati serikali ya Mwingereza ilipowalazimisha wakulima kulima matuta, watu wa Uluguru waligoma hadi mpango ule ukavunjika.

8. Nenda Mazimbu, na watoto wako uwachukue

Dakika chache kutoka katikati ya mji kuna kipande cha historia ya Afrika Kusini. Chama cha ANC kilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro mwaka 1969, ndipo kilipoamua kufungua uanachama kwa watu wa rangi zote. Baada ya maasi ya Soweto ya 1976 vijana wengi walikimbilia uhamishoni, na Tanzania ikakipa chama hicho lililokuwa shamba la mkonge Mazimbu wajenge shule. Ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 6, 1979, akiwa na miaka 22. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Omba ruhusa getini, kisha tembea hadi makaburini. Wako waliolala pale bila kuiona nchi yao ikiwa huru, na wanastahili mgeni wa kusimama kidogo na kusoma majina yao.

9. Watembelee panyabuku

Shirika la APOPO limekuwa likifundisha panyabuku mjini hapa tangu mwaka 2000, kwa kushirikiana na chuo hichohicho. Panya hawa hunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kwa kuwa ni wepesi hawayalipui. Wengine hunusa makohozi kutafuta kifua kikuu ambacho darubini haikukiona. Mmoja wao, Magawa, alifundishwa hapa akapelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya ushujaa na shirika la PDSA la Uingereza. Watoto hawasahau ziara hii. Wasiliana nao kabla, na uiweke siku ya kazi, asubuhi.

10. Ingia sokoni ukiwa na njaa

Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililozinduliwa upya mwaka 2021, limebeba jina la watawala wa jadi wa Waluguru, ambao makao yao ni Kinole. Ndani yake unaweza kula mlima mzima: mboga za Mgeta, ndizi na mafenesi ya mashariki, viungo vya Matombo, pamoja na mchele wa Kilombero unaoingia kutoka kusini mwa mkoa. Mboga na matunda yanayolainika nunua siku ya kuondoka. Viungo na mchele nunua wakati wowote. Beba fedha taslimu, na ndogondogo. Vijijini usitegemee mashine ya benki, na wakala wa fedha kwa simu anaweza kuishiwa.

11. Pakua muziki wa mji kabla ya kupanda treni

Morogoro ilikuwa moja ya miji mikuu ya dansi la Tanzania. Salum Abdallah na Cuban Marimba walikuwa upande mmoja, Morogoro Jazz upande wa pili, na mashabiki wakagawanyika. Morogoro Jazz ndiyo iliyomkuza Mbaraka Mwinshehe, ambaye mwaka 1970 alikwenda na bendi yake kupiga kwenye Maonyesho ya Dunia ya Osaka, Japani. Weka nyimbo zao kwenye simu, kisha jioni waulize wazee wa mjini kumbi zilikuwa wapi. Hapo umejipatia mazungumzo ya usiku mzima.

12. Mikumi ipe siku yake au iache

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, inafikika kwenda na kurudi kwa siku moja, na barabara kuu inaikata kwa kilomita kama 50, hivyo twiga na pundamilia unaweza kuwaona kutoka kwenye basi. Ila kama una siku tatu tu na hujawahi kupanda Uluguru, baki mlimani. Mwenye siku nne aende Mikumi siku ya mwisho, atoke alfajiri, na abebe kitambulisho: raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kuliko mgeni wa nje.

Kabla hujafunga begi

Mto Ruvu, unaowapa maji wakazi wa Dar es Salaam, unachota sehemu kubwa ya maji yake kutoka Uluguru. Kila mti unaokatwa kule juu kwa ajili ya mkaa au shamba jipya una bei yake kwenye bomba la Kinondoni na Temeke. Kwa hiyo kiingilio unacholipa TFS, ujira wa mwongozaji, karoti unazonunua Nyandira na chai unayokunywa kwa mama wa Choma vina kazi kubwa kuliko vinavyoonekana: vinampa mwenyeji sababu ya kuuacha msitu usimame. Rudi na taka zako zote, usichume maua msituni, usiwashe moto, na bei ya mkulima usiipiganie hadi ikamuumiza. Kisha mtume rafiki yako aende sikukuu inayofuata, akachague ule upande wa mlima ambao wewe hukuufikia.