Ushauri: Tazama Mkuku Kabla ya Kutazama Bei

*Mzee wetu wa safu hii, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Marehemu babu yangu alikuwa nahodha, na tangu utotoni natamani chombo changu mwenyewe. Sasa nimepata mashua ya tanga ya futi 28 kule Nungwi, Unguja. Ina umri wa miaka 17 na imelala ufukweni tangu masika ya mwaka jana. Mwenyewe anataka shilingi milioni 5. Anasema inavuja kidogo tu. Ikitiwa kalafati mpya na kushonewa tanga jipya, inaingia kazini. Nafikiria kuvua siku za mapumziko na kutembeza wageni msimu wa kaskazi. Mke wangu anasema nataka kununua maradhi ya watu. Fedha ninazo, ila ndiyo akiba yetu yote. Ninunue au niache?*

*Mwalimu, Tanga*

Mwanangu, kwa sasa usitoe hata arubuni, na usimwambie mwenyewe kwamba umeghairi. Mwambie unakuja kuitazama.

Naona kinachokutia hofu ni kuvuja. Mimi hilo halinitishi sana. Mashua ya mbao iliyokaa mchangani mwaka mzima, mbao zake husinyaa na mishono ikafunguka, kwa hiyo ukiishusha leo itaingiza maji hata kama ni nzima. Iache majini siku mbili tatu. Mbao zikishanywa maji hutanuka na mishono hujibana yenyewe. Hapo ndipo upime: fua maji yote ya ngama jioni, kalale, asubuhi uone yamerudi kiasi gani. Yakiwa ya kufuliwa kwa kopo mara chache, ni kazi ya kalafati kweli: pamba iliyolowekwa mafuta, patasi, nyundo na fundi mwenye subira. Tanga, kamba, foromali, hata mlingoti, vyote hivyo hubadilishwa na chombo kikabaki kilekile.

Kilichonishtua mimi ni yale maneno yako, "tangu masika ya mwaka jana." Watu wengi hudhani bahari ndiyo inayoozesha mashua. Chumvi huzuia uozo. Maji ya mvua ndiyo yanayouleta. Chombo kilicholala wazi, hakikufunikwa makuti wala turubai, maji ya mvua hutuama ndani yake, nyuma ya mataruma na kwenye kona za tezi na omo, yakakaa humo wiki nzima bila jua kuyafikia. Uozo huanzia ndani, na nje rangi inaendelea kung'aa. Muulize mwenyewe swali hili kabla ya jingine lolote: ilifunikwa?

Nilisimama siku moja hukohuko Nungwi, fundi akifumua mashua ya mtu. Ubao wa nje ulikuwa mgumu, ncha ya kisu haikuingia. Alipoung'oa, misumari ilitoka imekonda katikati kwa kutu, na taruma lililokuwa nyuma yake lilikuwa jeusi kuzunguka kila tundu la msumari. Akalibana kwa vidole viwili, likamomonyoka kama ugoro. Mwenye chombo alikuwa amekuja kubadilishiwa mbao mbili, na jioni alikuwa anahesabu mataruma. Ndiyo maana nakuambia unanunua mifupa ya chombo: mkuku, fashini inayobeba usukani, na mataruma. Mengine yote ni nguo.

Kuna na mdudu. Yule anayetoboa mbao baharini watu humwita mnyoo, ingawa ni wa ukoo mmoja na chaza. Huingia angali mchanga kabisa, kwa tundu dogo mno kuonekana kwa haraka, kisha hukulia ndani huku akifuata urefu wa ubao. Kwa nje unaona vitundu vichache visivyo na maana, kumbe ndani ubao umebunguliwa wote. Wazee walipambana naye kwa kupandisha chombo, kukichoma chini kwa mienge ya makuti, kisha kukipaka deheni, ile chokaa iliyochanganywa na shahamu. Ulizia mashua hiyo ilichomwa lini mara ya mwisho, na nani aliifanya kazi hiyo. Mwenye chombo aliyekitunza hujibu hapohapo bila kutafuta maneno.

Safari yako iwe siku za bamvua, mwezi mpya au mpevu. Maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita nne siku hizo, na chombo kilichopandishwa juu sana ufukweni hakitafikiwa na bahari wakati mwingine wowote. Kabla hakijashushwa, simama nyuma yake, funga jicho moja, utazame mkuku toka tezi hadi omo. Ukiona katikati umenyanyuka na ncha zote mbili zimelala, mashua hiyo imevunjika mgongo. Shukuru, rudi Tanga. Ukiwa umenyooka, ingia ndani na kisu kidogo na nyundo. Choma kisu kwenye mataruma, chini kabisa yanapokutana na mkuku, na pale mlingoti unapokaa. Gonga kwa nyundo huku ukisikiliza: mti mzima hulia, mti uliooza hunyamaza. Rangi mpya ndani ya ngama isikufurahishe. Na ukikuta saruji imemwagwa humo, au bati limepigiliwa juu ya ubao, omba libanduliwe uone chini yake. Akikataa, basi.

Mkuku mbovu hautengenezwi kwa faida, kwa sababu ukiubadilisha umejenga mashua mpya kwa mbao za zamani. Mataruma matatu au manne mabovu, mimi bado ningenunua, kwa bei iliyoshuka sana. Yakizidi robo, ningeacha. Taruma halichongwi kutoka ubao ulionyooka. Linatafutwa kwenye tawi lililokua na pindo lake, na miti ya namna hiyo imekuwa adimu, tena inakatwa kwa kibali. Fundi anaweza kuwa tayari leo na wewe ukangoja mti miezi mingi, chombo kikiwa kimefumuliwa, mvua nyingine ikikaribia.

Mtafute fundi wa vyombo asiye na undugu wala deni na muuzaji. Mlipe ujira wake wa siku, na mwambie mapema kwamba kazi ya matengenezo huenda asipewe yeye. Fundi anayeitarajia kazi ni vigumu kukuambia uache. Akikupa makadirio, ongeza nusu yake, maana kila ubao unaofunguliwa huonyesha mwingine. Halafu uulize palepale Nungwi, mahali penye mafundi wengi wa kuunda vyombo, mashua mpya ya futi hizo inaundwa kwa kiasi gani. Bei ya kununua na matengenezo zikikaribia bei ya mpya, huna sababu ya kuchukua chombo chenye miaka 17 juu ya mgongo wake.

Ukiridhika, itengenezwe hukohuko. Najua kusi itakusukuma kutoka Nungwi kuelekea Tanga, na mabaharia watakuambia ni safari ya siku moja. Usiivushe bahari ile mashua ambayo haijajaribiwa. Karatasi za mauziano ziandikwe mbele ya sheha, na uone usajili wake wa Zanzibar kabla ya kulipa. Ukiileta Bara, vyombo vidogo viko chini ya TASAC, shirika la serikali la kusimamia usafiri wa majini, lililoichukua kazi hiyo kutoka mamlaka ya SUMATRA mwaka 2018. Nenda ofisini kwao uulize masharti ya kubeba abiria kabla hujanunua, kwa sababu mashua inayofaa kuvulia samaki huenda isikubaliwe kubeba wageni. Makoti ya kuokolea ya kila abiria yaingize kwenye hesabu tangu leo.

Sasa mkeo. Yeye amesema neno zito kuliko unavyodhani. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, na shule zinafunguliwa Januari. Wageni wakija, wewe utakuwa darasani. Ni nani atakayeshika usukani? Ukiwa na nahodha unayemwamini, mgawane mapato kama wavuvi wanavyofanya, fungu la chombo, fungu lake, mafungu ya mabaharia, na ujue fungu la chombo ndilo litakalonunua pamba, mafuta na deheni mwaka baada ya mwaka. Ukiwa huna, mashua yako itangoja Jumamosi, na chombo cha mbao kinachongoja huharibika upesi kuliko kinachofanya kazi. Akiba yote isiingie humo. Kama milioni 5 ndizo zote mlizonazo, basi huna fedha ya kununua mashua hii, kwa sababu huna ya kuitengeneza. Tafuta mwenzako wa kushirikiana naye, au mwombe muuzaji akubali kulipwa kwa awamu baada ya mashua kushuka majini.

Tamaa ya chombo naijua, na siidharau. Watoto wa manahodha wanaotaka kurudi baharini ni wachache, nami ningependa uwe mmoja wao. Kwa hiyo nenda Nungwi, nenda na mkeo, mwache naye ashike nyundo na asikilize. Fundi akimaliza, niandikie ni mataruma mangapi aliyoyakataa na yako upande gani, na mti wa taruma unauzwaje huko kwa sasa. Nitakuambia kiasi cha kumtajia mwenyewe.