Baiskeli ya Titani kwa Njia za Shinyanga na Geita: Namna ya Kuiagiza na Kuiendesha

Barabara ya changarawe inayopitiwa na malori kutwa kucha hujichonga mawimbi madogo madogo, na mwendesha baiskeli huyahesabu kwa kiuno chake. Watu wa Shinyanga, Kahama na Geita wanaijua adha hiyo. Baiskeli ya Phoenix imewabebea pamba, maji na mkaa kwa miaka mingi, na Shinyanga mjini baiskeli ya abiria ilifikia kuitwa daladala kama vile ni gari. Siku hizi wapo wanaotaka kitu kingine: mhandisi wa mgodi anayefanya mazoezi jioni, mfanyabiashara aliyeambiwa na daktari apunguze uzito, kijana anayependa mashindano. Wamesikia kwamba kuna baiskeli ya milimani ya titani, yenye mkia unaonesa, inayotengenezwa kwa vipimo vya mwenyewe. Wanauliza ni kitu gani, inaagizwaje, na kama itafaa huku kwetu.

Tuanze na huo mkia. Baiskeli nyingi zenye shokapu nyuma zina viungo vyenye beringi, na kila kiungo ni mlango wa vumbi. Hii ninayoizungumzia, ambayo mafundi wa nje huiita softi-teli, haina viungo hivyo. Bomba mbili za chini, zinazotoka kwenye pedali hadi kwenye ekseli ya nyuma, zimetengenezwa zinese kidogo kama springi za sahani za lori. Juu ya tairi, pale mabomba ya nyuma yanapokutana na bomba la siti, pamewekwa shokapu fupi. Gurudumu hupanda na kushuka takribani sentimita tatu tu. Haitakuokoa ukiruka kutoka juu ya jabali, lakini yale mawimbi ya barabara huyameza, na kiuno kinajua. Kampuni ya Moots ya Steamboat Springs, jimbo la Colorado, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1981, ndiyo iliyolipa umbo hili jina kubwa kwa baiskeli yake ya YBB.

Kwa nini titani? Kwanza haishiki kutu. Pili ni nyepesi: uzito wake ni kama asilimia 57 ya uzito wa chuma cha ujazo uleule. Tatu, inavumilia kunesa mara nyingi bila kuchoka upesi, na hilo ndilo linaloifanya ifae kwa mkia wa aina hii. Mabomba ya baiskeli kwa kawaida ni titani iliyochanganywa na aluminiamu asilimia 3 na vanadi asilimia 2.5. Madini yenyewe si mageni kwetu. Liganga, wilayani Ludewa, kuna mwamba wa chuma wenye titani na vanadi ndani yake, na Kwale, pwani ya Kenya, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wake kwa zaidi ya miaka kumi hadi mwisho wa 2024. Sehemu kubwa ya mchanga wa namna hiyo duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka kuta. Kuugeuza kuwa bomba ni kazi ndefu inayokula umeme mwingi, ndiyo maana bei iko juu.

Na bei ni ya juu kwelikweli. Fremu peke yake kutoka karakana za Marekani au Ulaya mara nyingi huanzia dola 3,000 na kupanda. Ukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni milioni saba na nusu, yaani bei ya pikipiki mbili mpya na chenji ikabaki. Karakana za China huuza kwa dola 1,000 hadi 2,000 hivi, na baadhi zinafanya kazi nzuri, ila omba picha za karibu za maungio yao kabla ya kukubaliana. Ongeza magurudumu, breki, gia, usukani na siti, utajikuta umelipa fremu mara mbili. Kama fedha hiyo ni ya ada ya watoto, usiiguse. Tafuta baiskeli ya milimani ya mtumba yenye fremu ya chuma, uivalishe matairi mapana yasiyojazwa upepo sana, na sehemu kubwa ya raha utakuwa umeipata kwa kiasi kidogo.

Kabla hujalipa hata senti, jiulize utabeba nini. Usukumani, baiskeli isiyobeba gunia ni ya mashaka. Sasa hii haibebi gunia. Karia ya kawaida hufungwa chini kwenye ekseli na juu karibu na siti. Kwa softi-teli hizo ni sehemu mbili zinazosogeleana kila unapopita shimo, hivyo karia itaubana mkia usicheze, au itang'oa skrubu zake. Abiria ndiyo kabisa usimpandishe. Mizigo yako iwe begi dogo chini ya siti, begi la kwenye usukani na maji mgongoni. Anayehitaji karia aagize fremu ya titani isiyo na mkia wa kunesa, au abaki na Phoenix yake kwa amani.

Umeamua? Basi jipime. Vua viatu, simama umeegemea ukuta, bana kitabu kati ya mapaja mpaka kiguse mfupa juu kabisa, na mwenzako apime kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni. Huo ndio urefu wa mguu wako wa ndani. Uzidishe kwa 0.883 upate makadirio ya urefu wa siti kutoka katikati ya ekseli ya pedali: mwenye sentimita 82 atapata kama 72. Pima pia urefu wako wote, urefu wa mkono kutoka bega hadi kiganja kilichofumbwa, upana wa mabega, na uzito wako ukiwa umevaa na kubeba maji. Rudia vipimo siku nyingine. Nusu sentimita si neno, lakini sentimita tatu zitakuumiza mgongo miaka yote utakayoimiliki. Uzito usiuonee haya, maana shokapu na unene wa mabomba huchaguliwa kwa kuufuata.

Mtengenezaji atakuuliza maswali mengi, na hapa ndipo watu wengi hukubali chochote kinachosifiwa mtandaoni. Kanuni yangu ni moja: agiza kile ambacho fundi aliye chini ya mwembe Kahama anaweza kukishika na kukielewa. Breki ziwe za diski zinazovutwa kwa waya, si za mafuta. Ekseli ya pedali iwe ya kufungwa kwa nyuzi, si ya kugongewa ndani. Magurudumu yawe na spoku 32. Ringi zitobolewe tundu la valvu nene kama ya pikipiki, kwa sababu kila banda la pancha kutoka Tinde hadi Nyarugusu lina mashine ya kuijaza. Ile valvu nyembamba ya baiskeli za mashindano itakufanya utembee na pampu yako kila uendako. Omba pia nafasi pana kati ya tairi na fremu, angalau kidole kinene kila upande, na umwambie akumbuke kwamba tairi litapanda pale mkia unaponesa.

Ukubwa wa tairi una mtego wake. Baiskeli za milimani za sasa nyingi ni inchi 29, na dukani utaambiwa tairi ya Phoenix ya inchi 28 inakaribiana nayo. Haiingii. Phoenix ya 28 kwa moja na nusu inakaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 635, wakati hiyo ya 29 ni milimita 622, kwa hiyo tairi itachezacheza na kuchomoka. Agiza matairi mawili ya akiba pamoja na fremu, maana utayahitaji.

Malipo kwa kawaida hugawanywa: sehemu ukiagiza, iliyobaki kabla ya kusafirishwa. Tuma kwa benki kwenye akaunti yenye jina la kampuni, si la mtu binafsi, na kwanza upate mchoro wa fremu wenye vipimo vyote. Usome mchoro huo taratibu, ukiwa na rula mkononi. Ukishausaini, makosa yaliyomo ni yako. Kusubiri huchukua miezi kadhaa.

Mzigo ukifika nchini unapita forodha ya TRA. Utahitaji namba ya mlipakodi, ankara halisi na wakala wa forodha mwenye leseni. Ushuru hukokotolewa juu ya bei ya mali ukijumlisha usafiri na bima, kisha VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru, na kuna tozo ndogo kama ile ya maendeleo ya reli. Tuchukue mfano: fremu ya dola 2,000, usafiri na bima dola 300. Hiyo ni shilingi 5,750,000, na VAT peke yake, kabla hujaongeza ushuru, ni 1,035,000. Mwombe wakala akuandikie makadirio kamili kabla hujaagiza, na usikubali muuzaji akuandikie bei ya uongo kwenye ankara: ikigundulika utalipa zaidi, na mzigo ukipotea bima italipa ile bei ya uongo. Kutoka Dar es Salaam boksi litakuja kwa basi au lori. Lifungue mbele ya aliyelileta, uangalie kama bomba lolote limebonyea.

Kuunganisha si kazi ya kuharakisha. Jambo moja mkumbushe fundi: bomba linalobeba siti, ambalo mara nyingi ni la aluminiamu, likiingia kwenye fremu ya titani likiwa kavu litang'ang'ania humo. Lipakwe grisi yenye shaba. Mafundi wa mitambo migodini wanaifahamu, na maduka ya spea Geita na Kahama yanayo.

Sasa twende njiani. Wasukuma wamezipa aina za udongo majina tangu zamani, na mpanda baiskeli anayeyajua atapanga safari vizuri kuliko mwenye ramani ya simu. Luseni ni kichanga cha miinukoni: kiangazi kinazama, baada ya mvua ndogo kinashikana na kupitika vizuri. Itogolo ni ardhi ngumu iliyokakamaa. Inapitika haraka, lakini mvua ikinyesha maji hutuama juu yake na kuteleza. Mbuga ni ule udongo mweusi wa mabondeni. Ukiwa mkavu una nyufa zinazomeza tairi jembamba, ukilowa ndiyo usiuguse. Unavyojibandika ni hivi: tairi linazunguka mara chache, tope linapanda na majani yake, linajaza pale chini ya shokapu, kisha gurudumu linagoma kabisa huku wewe ukiwa juu. Ikitokea, shuka, beba baiskeli, toa tope kwa kijiti. Usitumie bisibisi, wala usilazimishe pedali. Kati ya Novemba na Mei, zunguka kwa miinuko hata kama njia ni ndefu mara mbili.

Adui wa pili ni miiba. Kiangazi mbigili imetapakaa pembeni mwa njia, na migunga nayo inaangusha yake. Tairi lisilo na tyubu, lililotiwa dawa ya maji inayoziba matundu yenyewe, ndilo linalofaa. Kwa joto letu dawa hukauka upesi, hivyo ikague kila baada ya miezi miwili. Tembea na tyubu moja hata hivyo. Upepo usizidi pauni 25 hadi 30 kwa mtu wa kilo 75. Ukijaza kama Phoenix ya kubebea mkaa umeupoteza ule ulaini ulioulipia.

Njia nzuri za kupanda mara nyingi hupita ndani ya ngitili, yale malisho yaliyofungwa ambayo mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI uliyahimiza mkoani Shinyanga kuanzia 1986. Yana wenyewe. Salimia, omba ruhusa kwa familia au serikali ya kijiji, na usikate uzio. Maeneo ya migodi mikubwa, kama Mwadui, Bulyanhulu na Geita, uzio wake usiukaribie, maana humo kuna ulipuaji na magari makubwa ambayo dereva wake hakuoni. Hatari zaidi ni kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo, mfano Rwamagasa na Nyarugusu. Maduara ya zamani, yaani mashimo ya kuchimbia, huachwa wazi katikati ya majani, bila alama, na mvua hubomoa midomo yake. Usiache njia inayotumika, na jua likizama usipite kabisa. Penye makarasha, zile mashine za kusaga mawe, na marudio, yale mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, usipumzike wala kunywa maji ya hapo. Vumbi la mawe na zebaki havionekani kwa macho.

Barabara kuu ya Tinde, Isaka hadi Kahama ina lami nzuri, na malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Upepo wa malori hayo peke yake unayumbisha baiskeli nyepesi. Shika kushoto, vaa kofia ngumu na nguo ya kung'aa, na ukiona mawili yanapishana karibu nawe, toka kwenye lami usubiri.

Matunzo hayana mengi. Osha kwa maji ya ndoo, futa shokapu, paka cheni mafuta mepesi kwa sababu mazito hunasa vumbi. Kila mwezi kagua maungio, hasa zile bomba mbili zinazonesa karibu na pedali na ekseli. Ukiona mstari mwembamba usiofutika kwa kitambaa, huo ni ufa. Usimpelekee mchomeleaji wa mtaani, wala yule wa karakana ya mgodi mwenye mtungi wa argoni. Titani ya moto ikiguswa na hewa, hata kwa upande wa ndani wa bomba, hugeuka kuwa dhaifu kama kigae na itakatika ukiwa mwendoni. Piga picha, andika namba ya fremu iliyogongwa chini ya ekseli ya pedali, na umwandikie mtengenezaji. Wengi hutoa dhamana ya miaka mingi kwa mnunuzi wa kwanza, kwa hiyo risiti na ule mchoro uliousaini viweke pamoja na hati za shamba.